Nyasi za Krismasi Ndani ya Kompyuta

Siku moja ya Krismasi naikumbuka kuliko zote, Asimwe mwanangu, na nimeikumbuka tena juzi nilipokuja kwako nikaikuta kompyuta yako ya mezani imevikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Kitambaa ni kizuri, sina neno. Lakini nilipokiinua, vumbi la kwenye matundu ya nyuma lilitosha kuotesha maharage. Nikanyamaza kwa sababu ulikuwa na wageni. Leo huna wageni, basi nisikilize. Nina jambo ambalo hukuwahi kuambiwa.

Miaka ile nilikuwa nasoma chuo kikuu Dar es Salaam, na nilibishia kila kitu. Nilibishia mahubiri, nilibishia waganga na madaktari, nilibishia hata namna ya kumenya ndizi. Likizo nilikuja kwa shangazi yangu, bibi yako Kokugonza, hapo Kibeta. Nyumba yake ilikuwa imepungua watu. Ugonjwa ule, ambao sote tuliutaja kwa kuzungusha maneno, ulikuwa umemchukua mama yako, kisha mwanawe, baba yako, aliyekuwa karani huko Muleba. Bibi akabaki na wewe, mtoto wa miaka sita. Na kompyuta.

Baba yako aliinunua kuukuu ofisini kwake. Mkono uliposhindwa kushika kalamu, alikaa mbele yake akibonyeza herufi mojamoja, anapumzika, anabonyeza tena. Alikuwa anakuandikia barua, uzisome utakapokuwa mkubwa. Zilikuwa ndani ya ile mashine, hazikuwa mahali pengine popote. Bibi alilijua hilo, nami nililijua.

Kila Jumamosi bibi aliisafisha kama alivyofundishwa na mwanawe. Anachomoa waya ukutani. Anafungua ubavu wa sanduku kwa bisibisi. Anapuliza ndani kwa pampu ya baiskeli ya marehemu mumewe, kisha anapangusa taratibu kwa unyoya wa kuku. Vile vijidudu vya ziwani vinavyofuata taa alivitoa kiganja kizima. Mimi nacheka.

"Shangazi, hiyo ni mashine, si kaburi."

"Kaburi halihitaji pampu, msomi wangu," alinijibu, akaendelea kupuliza.

Mkesha wa Krismasi tulitandaza nyasi mpya sakafuni, kama ilivyo kwetu. Zilikuwa zimetoka Kanazi, nyumba nzima inanukia. Meza ikahitajika kwa chakula cha wageni, nami nikalibeba lile sanduku la kompyuta nikaliweka chini, juu ya nyasi.

"Lirudishe juu," bibi akasema. "Marehemu kaka yako aliliweka juu."

"Kwa nini?"

"Hakuniambia kwa nini."

"Basi hakuna sababu, ni mazoea tu. Chuoni kwetu yote yako chini."

"Huko chuoni mnatandika nyasi?"

Nilicheka, wageni wakapiga hodi, naye akaacha. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ufa wenyewe niliuchimba kwa mikono yangu.

Siku ya Krismasi niliiwasha ili kuwaonyesha watoto wa jirani mchezo wa karata. Wakarukaruka, wakabingirika, nyasi zikawa zinatimka. Baada ya saa mbili hivi feni ikaanza kukoroma, ikakwaruza, ikanyamaza. Kioo kikawa cheusi. Ikatoka harufu ya nyasi zilizoungua. Nikabonyeza, nikabonyeza tena, wapi.

Ndipo wewe ukaja ukasimama karibu yangu, na gauni lako jipya, ukauliza, "Baba mdogo, baba amezima?"

Mwanangu, mimi niliyekuwa na jibu la kila mtu nikakimbilia bisibisi.

Nilitaka kufungua sanduku palepale. Bibi akanishika mkono. "Chomoa waya. Kwanza lipoe. Usiongeze kosa juu ya kosa." Akakaa kwenye nyasi, akanikalisha. Nikangoja anitukane. Badala yake akaniambia habari za cherehani yake. Wakati wa vita vya kule mpakani, watu walipoogopa kwamba majeshi ya adui yatafika, mumewe aliifunga kwa magunia akaifukia shambani kwenye migomba. Ilifukiwa vizuri mno, wala hakuna aliyeiona. Walipoichimbua ilikuwa donge la kutu.

"Tuliificha, hatukuitunza," alisema. "Waitu, mwanangu, kilichofunikwa si kilichotunzwa. Kitu unachokipenda lazima ukifungue ukitazame."

Tukafungua. Makapi ya nyasi yalikuwa yameizunguka feni kama kiota. Bibi akaizuia kwa kidole isizunguke, mimi nikapuliza kwa pampu, kisha unyoya. Kibao chembamba cha kumbukumbu kilichochomekwa ndani tukakichomoa, akayasugua meno ya chuma ya kibao hicho kwa ufutio wako wa shule, tukakirudisha. Tukaliweka sanduku mezani, juu, tukawasha. Kimya. Tukakichomoa kibao, tukakikandamiza vizuri zaidi, tukawasha tena. Feni ikavuma. Barua zote zilikuwapo.

Nililia, na wala sikuona haya. Bibi akanipa kahawa ya kutafuna kutoka kikapu chake, kama anavyopewa mgeni wa heshima, akasema, "Swali lako la kwa nini lilikuwa zuri. Kosa lako hukungoja jibu."

Kabla ya likizo kwisha nilizinakili barua zile kwenye disketi na kuzichapa. Ndizo karatasi ulizokabidhiwa ulipomaliza shule. Sasa unajua zilipopitia.

Kwa hiyo nakuomba, mwanangu. Kitambaa kivue kompyuta inapofanya kazi, ipumue. Iweke juu, mbali na sakafu. Kila baada ya wiki chache zima, chomoa waya, gusa chuma cha sanduku ili umeme wa mwilini utoke kabla ya kugusa vya ndani, puliza vumbi huku umeizuia feni, na maji usiyasogeze karibu. Na chochote usichoweza kukipoteza usikiweke mahali pamoja tu. Ukiambiwa la mkubwa usilolielewa, liulizie. Kuuliza si ujinga, mimi bado nauliza kila siku. Lakini usilibomoe kabla jibu halijafika, maana wakati mwingine jibu alikwenda nalo aliyelijua.

Mungu akutunze kama bibi alivyoitunza sauti ya baba yako: kwa kukufungua, kukutazama, na kukupuliza vumbi kila Jumamosi. Jumamosi hii nitakuja. Pampu ya baiskeli ninayo.