Mwaka Rahma Alipokwenda Kupanda Punda Uingereza

Kila inaponifikia harufu ya halwa inayotoka motoni, yenye zafarani na samli na hiliki, nakumbuka ujinga wangu. Wenzangu harufu hiyo huwakumbusha sikukuu na maharusi. Mimi hunikumbusha maneno mawili niliyoyatamka nikiwa msichana wa miaka kumi na mbili, katika majlisi ya nyumba yetu Ibra, mwishoni mwa miaka ya sabini. Nilisema "La, ahsante," na kwa maneno hayo mawili nikaikosa safari ya Uingereza. Si kwamba sikuitaka. Niliitaka sana. Lakini nilikuwa nimelelewa vizuri, na siku ile malezi yangu mazuri niliyatumia mbele ya mtu asiyeyajua tena.

Mtu mwenyewe alikuwa Ami Seif, mdogo wake baba. Sisi tulirejea Oman kutoka Unguja. Yeye alikuja baadaye akitokea Uingereza, alikosoma miaka sita, akapata kazi ya serikali Maskati. Mwaka ule alikuwa anarudi huko kwa masomo ya wiki tano, katika mji mdogo wa pwani ya Dorset, na alikuwa anamchukua mkewe na mtoto wao wa miaka minne. Mkewe alitaka msichana mkubwa kidogo wa kumsaidia kumwangalia mtoto. Basi wakaja Ibra siku ya Ijumaa, tukakaa baada ya chakula, halwa ikawekwa kati, na Ami akanigeukia akaniuliza, "Nasra, utakwenda na sisi Uingereza?" Sasa, nyumbani kwetu tulifundishwa hivi: mtoto akipewa kitu na mgeni, mara ya kwanza husema la, ahsante. Mara ya pili husema hivyo hivyo, kwa sauti ndogo zaidi. Mara ya tatu huinamisha macho akapokea. Mama alikuwa akitusimamia kwa jicho, na Bibi, mamake baba, aliyekuwa na kauli ya mwisho katika ukoo wote, alikuwa akituhesabia kwa vidole juu ya goti lake. Mtoto aliyepokea mara ya kwanza alikuwa na ulafi, na aibu yake ilikuwa yetu sote. Kwa hiyo nikasema la, ahsante, Ami, nikawa naingoja ya pili. Kumbe miaka ile sita ilimzoesha Ami kwamba mtu akisema la, ana maana ya la. Akasema, "Haya, mwanangu," akachota halwa, kisha akamgeukia Rahma, binti wa ndugu yao mwengine, aliyekuja kwetu kutembea kutoka Nizwa. Rahma alikuwa mwenzangu, umri mmoja, mto mmoja wa kulalia. Alikuwa na halwa mdomoni na wala hakungoja kuimeza. Alisema, "Nitakwenda."

Nilimtazama Bibi. Kidole chake kimoja kilikuwa kimesimama juu ya goti, bado kinasubiri wenziwe. Hakuna mtu mzima aliyesema neno, kwa sababu kumwambia Ami amuulize tena mtoto ilikuwa ni sawa na kuomba, na sisi hatukuwa watu wa kuomba. Msinidhanie kuwa nilikuwa mpenda safari. Mimi ni mtu wa nyumbani tangu kuzaliwa. Nikitoka kwetu kwenda mtaa wa pili nilikuwa nikiuliza tutarudi saa ngapi. Lakini kitu alichokishika mwenzio kina mng'aro wake. Nilifunga kimkoba changu, nguo mbili na kitana, nikakiweka nyuma ya mlango, na kwa wiki tatu nikawa naingoja ile mara ya pili. Siku ya kuagana, Ami aliniinamia kwa upole akaniuliza nataka aniletee nini kutoka Uingereza. Na mimi, mtoto niliyelelewa vizuri, nikamwambia la, ahsante Ami, sihitaji kitu. Aliporudi hakuniletea kitu. Mtu mwaminifu sana, yule.

Wakati wao wakiwa huko, huku kwetu ulikuwa msimu wa kuvuna mabsali, zile tende zinazochemshwa zikiwa bado za manjano. Miaka yote kazi hiyo niliifanya pamoja na Rahma. Masufuria makubwa ya shaba yalikuwa yakitokota shambani tangu alfajiri, moshi wa makuti ukituchoma macho, na tende zikishaiva hutandazwa uwanjani zikaushwe na jua, na jua la Ibra mwezi wa saba halihitaji msaada wa mtu. Kazi yetu watoto ilikuwa kuzigeuza na kuwafukuza nzi. Mwaka ule niligeuza peke yangu. Mikono ilikuwa ikinata asali mpaka kwenye viwiko, nzi waliokuwa wa wawili wote wakawa wangu, na kila tende niliyoigeuza nilikuwa nikijiuliza Rahma saa hii anafanya nini. Jawabu lililetwa na kadi. Upande mmoja ilikuwa na picha ya majabali meupe kama chaki, juu yake majani mabichi mpaka ukingoni kabisa, kama zulia lililokatwa kwa mkasi, na chini yake bahari. Upande wa pili Rahma ameandika: "Hapa baridi. Mvua kila siku, inachosha. Jana tulikamata kaa kwa uzi. Nawasalimu nyote na nzi." Niliisoma mara nyingi. Kaa niliweza kumsamehe. Lakini mtu kulalamika mvua, na huku nimefunga kitambaa cha maji kichwani nisizimie, hilo sikuweza.

Aliporudi, alikaa kwetu wiki nzima kabla ya skuli kufunguliwa, na kila jioni wanawake walikusanyika kumsikiliza. Rahma alikuwa hodari wa kuhadithia. Alisema kuna njia ya miguu inayopita juu ya majabali, mtu anatembea tangu asubuhi mpaka adhuhuri na bahari iko mkono wake wa kushoto muda wote, na njia hiyo inakatiza mashamba ya watu bila mtu kukufukuza; wamekujengea vidaraja vya mbao vya kuruka ua, na kondoo wanakutazama tu. Alisema kwenye fukwe zao ukipasua mawe unakuta konokono wa zamani amegeuka jiwe. Alisema kaa wao huvutwa ukutani kwa uzi na kichwa cha samaki, wanahesabiwa kwenye ndoo, kisha wanarudishwa majini, na hapo Bibi akataka kujua kama watu wale wana akili timamu. Alisema shakwe mmoja alimnyang'anya Ami chipsi mkononi mbele ya watu. Walipanda gari la moshi kweli, linalotoa moshi. Walichuma matunda meusi kama forosadi yaliyoota kando ya njia, bure, na Bibi akauliza kama mwenye ua alitoa idhini. Kuna mama mzee aliyewapa vimkate vya moto na malai mazito na jamu, katika bustani yenye maua ya waridi, na mvua ilipoanza kunyesha hakuna aliyenyanyuka. Walifungua miavuli wakaendelea kunywa chai. Na mwisho, kilele cha safari yote, Ami alitoa pesa ili Rahma apandishwe punda ufukweni. Hapo kila mtu alicheka. Ibra yetu ile kulikuwa na punda kila uchochoro, na Bibi alisema ndiyo kwanza asikie mtu kuvuka mabahari kwenda kupanda punda. Nami nilicheka, kwa sauti kuliko wote. Kisha usiku nililala nikiwa nimempa mgongo Rahma, nikimwonea wivu kwa punda.

Nilijifanya sishughuliki, lakini kila alilolisema nililihifadhi. Aliporudi Nizwa nikaanza kulitenda. Nilifunga kipande cha papa mkavu kwenye uzi nikaenda kukitumbukiza katika mfereji wa falaji, nikakaa asubuhi nzima. Falaji la Ibra halina kaa. Lina visamaki vya kudonoa vidole, navyo vilimla papa wangu nyuzi kwa nyuzi bila haraka. Nilipasua mawe nyuma ya nyumba mpaka mama akauliza nani anajenga. Na kila siku nilikuwa nikifanya mazoezi ya kusema "Nitakwenda," mbele ya kioo, upesi, bila kuinamisha macho, kwa ajili ya mwaka unaofuata.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo si la kuchekesha. Kabla ya kuondoka Rahma alinionesha picha aliyopigwa ufukweni. Yuko juu ya punda, anacheka kwa meno yote, na upepo umemvua mtandio. Nywele zake zote ziko nje, zinaruka, na mzee mmoja wa Kizungu ameshika kamba ya punda karibu na goti lake. Alisema hathubutu kuichukua Nizwa, kaka zake wanapekua kila kitu. Akaniomba nimwekee. "Wewe ndiye ninayekuamini," alisema. Niliitia ndani ya kitabu cha hesabu, ndani ya sanduku langu, na pale ikakaa miezi minane. Kisha ikaja barua ya Ami. Anakwenda tena Dorset kiangazi hiki, wiki sita safari hii, mtoto amemzoea sana Rahma, na mkewe anaomba Rahma aruhusiwe tena. Baba aliisoma kwa sauti. Mimi nilikuwa nimekaa palepale na jawabu langu tayari mdomoni, na hakuna aliyeniuliza swali.

Bibi alikuwa akila tambuu, na kijaluba chake alikifungua kila baada ya sala ya alasiri. Siku ya pili yake, wakati anatawadha, nilikifungua mimi, nikaiweka picha juu ya majani ya tambuu, nikakifunga. Haikunichukua muda wa kuvuta pumzi. Bibi alipoiona alivaa miwani akaitazama muda mrefu. Hakupiga kelele. Aliuliza tu imetoka wapi, nikasema Rahma aliiacha kwenye sanduku langu, jambo ambalo lilikuwa kweli, na huo ndio ulikuwa ubaya wake. Alimwita baba akamwambia aandike Nizwa na aandike Maskati: mtoto wa kike wa nyumba hii hasafiri tena bila ya mamake. Nilifurahi siku tisa. Siku ya kumi ikaja barua nyengine ya Ami. Kama Rahma haruhusiwi, aliandika, basi na aje Nasra. Bibi hakungoja baba amalize kusoma. Alisema aliposema mtoto wa kike hakusema yupi. Nilisimama pale mlangoni nikatambua kwamba mlango niliomfungia mwenzangu, nami nilikuwa upande uleule.

Rahma alikuja Idi iliyofuata. Nilidhani atanipasua. Badala yake alinichukua nyuma ya jiko, akanishika mikono yote miwili, akaniomba radhi. Alidhani Bibi alipekua sanduku langu mwenyewe. Alisema kama asingenibebesha ile picha, mimi ningekwenda, na zamu ilikuwa yangu kwa haki tangu mwanzo. Alilia. Nilikuwa na nafasi ya kusema, na nafasi ile ilikuwa pana kama majlisi. Nikamwambia, "Si kitu, Rahma." Nilimsamehe, fikirini. Nilimsamehe kwa kosa langu mimi.

Imepita zaidi ya miaka arobaini. Ibra ya leo ina barabara pana na viyoyozi, tende zangu nazinunua dukani zikiwa ndani ya kasha la plastiki, na nzi sijui wamehamia wapi. Safari nayo imekuwa kitu chepesi; wajukuu wangu huzungumza London kama sisi tulivyokuwa tukizungumza Sur, na Sur kwetu ilikuwa mbali. Mimi pasi yangu ya kusafiria imekwisha muda na sijahangaika nayo. Watoto huniuliza mara kumi, si tatu, nami daima nina kuku wa kulishwa au mgeni wa kungojwa. Rahma hakuirudia pwani ile utotoni. Aliolewa mapema, akalea, akafiwa na mume. Mwaka jana bintiye alimpeleka. Alinitumia picha kwenye simu: njia ileile juu ya majabali meupe, yeye na koti la mvua la manjano, anatembea kwa mkongojo, na maneno, "Bado inanyesha, Nasra. Ungekuwapo." Nilikaa barazani na simu mkononi, mwanamke mzima mwenye wajukuu, na ule wivu ukanirudia mbichi kama wa juzi. Ila safari hii haukuwa peke yake. Ulikuja na kile kijaluba.

Siku ile ndiyo niliyomhadithia mtu kisa hiki kwa mara ya kwanza. Nilimhadithia jirani yangu Bi Zuwena, ambaye tumegawana ukuta tangu watoto wetu wakitambaa, alipokuwa anaanika nguo upande wake. Nilimweleza yote, tangu halwa mpaka koti la manjano, nikaongeza kwamba nadhani nilionewa, kwani mimi ndiye niliyeulizwa mwanzo. Bi Zuwena alitoa kibanio cha nguo mdomoni akanijibu: "Wewe ungefika kule ungelia siku ya kwanza urudishwe kwenu. Safari ilikuwa ya Rahma, na wewe ulimwibia, na juu yake ukamwacha akuombe radhi. Hebu mpigie simu umwambie, kabla hajafa mmoja wenu, kisha uniondokee hapo ukutani, unanizibia jua."