Ubeti Niliousimamisha Bandarini

Mhusika ni mimi. Si mama mwalimu wa kwaya, si kamati ya ukumbi, wala si watoto. Naandika hivyo mwanzoni ili mtu asipoteze muda akimtafuta mwingine.

Wavuvi wa ziwa Tshangalele walikuwa wameandaa sherehe ya ukumbi wa zamani wa bandarini, pale mitumbwi inaposhusha samaki wanaoletwa mjini kwetu Likasi. Kwaya ya watoto ya parokia yetu ya Panda ingeimba historia ya ukumbi huo. Mimi, karani mstaafu wa serikali, niliombwa kusahihisha tarehe katika maneno ya wimbo. Ningeweza kusahihisha tarehe nikarudi nyumbani. Badala yake niliuandika wimbo wote upya, kwa mtindo niliotumia kuandika kila kitu miaka yote ya kazi.

Ubeti mmoja niliufuta kabisa. Ulisema kwamba matofali ya ukumbi yalibebwa na wanawake, kichwani, kutoka tanuru hadi ziwani. Nilipekua mafaili yangu, sikuwaona. Bibi mmoja muuza samaki, wa mwisho aliye hai kati ya wabebaji hao, akaja kuniomba niurudishe. Nilimtaka alete hati. Akainama mbele ya meza yangu, akanionyesha shingo iliyopindishwa na mizigo.

"Papa, karatasi yangu njo hii. Piga kashe."

Nilimweleza, kwa upole ambao leo unanitia haya, kwamba muhuri hupigwa juu ya karatasi.

Siku ya sherehe nilikaa mstari wa mbele, nimefunga tai, nakala ya wimbo mapajani. Watoto wakaanza kwa sauti tamu: "Kwa kuzingatia barua ya maombi ya kiwanja, kwa kuwa ipo haja ya ukumbi..." Nyuma yangu mvuvi mmoja alivua kofia, akamwuliza jirani yake wamepewa siku ngapi za kuhama. Wengine wawili walitoka kwenda kukusanya nyavu zao. Maneno ya namna hiyo hayakuwahi kuwaletea jambo lingine.

Kwenye kifungu cha tatu watoto walikwama. Nani asingekwama? Kifungu hicho kilikuwa na vifungu vidogo ndani yake. Kisha sauti moja nyembamba ikashika ubeti waliofundishwa tangu mwanzo, na wengine wakaifuata: wanawake, matofali, njia ya vumbi. Watu wakaanza kupiga makofi. Yule bibi akasimama, amevaa kikwembe chake cha Jumapili.

Nami nikasimama. Nilitangaza kwamba maneno hayo hayamo katika nakala iliyoidhinishwa. Watoto wakanyamaza katikati ya neno. Idhini yenyewe nilikuwa nimejipa mwenyewe.

Nilimfuata bibi mlangoni, nikaanza kujieleza. Akanikatiza.

"Acha, papa. Nusu nilisikia."

Kwa hiyo nadai rasmi kwamba kamati ya ukumbi iniandikie barua ya kunitaka nijieleze, nami niijibu kwa maandishi, isomwe mbele ya wavuvi wote: ni kwa mamlaka gani niliwanyamazisha watoto. Nadai pia nivuliwe kazi ya kusahihisha, na ubeti huo uimbwe wote, palepale bandarini, bila kuchelewa, maadamu mwenye haki ya kuusikia angali hai.