Bati Angavu la Mandawa

Nilianza kazi Jumatatu, saa mbili asubuhi, likizo ya Desemba 2006, baada ya kidato cha pili. Nawaandikia wadogo zangu watakaonifuata.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa karakana ya Nachingwea, chini ya Fundi Mkuu, ambaye nyumbani ni baba mkubwa. Alinipa nyundo na kipande cha bati angavu la polikaboneti, plastiki ya kuezekea inayopitisha mwanga kama kioo.

"Piga."

Nikagonga kidogo.

"Unalibembeleza? Piga, Mwanaidi!"

Nikapiga kwa mikono miwili. Nyundo ikaruka, bati hata ufa. Nikacheka kichwa chini, maana mimi watu wakinitazama sauti hunikauka.

Upande wenye karatasi ya kiwandani ndio hutazama juu, kwa kuwa umepakwa kinga ya jua. Ukikosea, bati hugeuka njano. Tundu hutobolewa pana kuliko skrubu, maana bati hutanuka kwenye joto. "Liachie lipumue," alisema Fundi Mkuu. "Ukilibana litalalamika mchana kutwa." Na petroli ni sumu yake: ikiligusa, linaweka nyufa kama utando wa buibui.

Baadaye nikahamishiwa Mandawa, kwenye banda la akina mama wanaobangua korosho. Mle ndani giza, visu vinawakata vidole. Tulikuwa na bati moja tu. Fundi Mkuu akiwa juu ya paa, bati tuliloliegemeza kwenye mkorosho likashika utomvu. Mama Mwenyekiti, kiongozi wao, akachovya kitambaa kwenye petroli ya pikipiki. Huku kwetu utomvu hutolewa hivyo, uwe mkononi, uwe kwenye kanga.

Nilijua. Ila yeye ni mkubwa kuliko mama yangu, na kitambaa kilikuwa kinashuka.

"SABUNI!"

Kuku wakatawanyika.

"He! Kumbe kanasema?" akashangaa Mama Mwenyekiti.

"Sabuni na maji, mama. Shikamoo."

Wakacheka, mmoja akakaa chini kabisa.

"Nani huyo anapiga kelele?" Fundi Mkuu akauliza toka juu.

"Msaidizi wako!"

"Wangu? Wangu hasemi."

Tone moja la petroli lilishadondoka pembeni mwa bati; utando wake upo mpaka leo. Kwingine kote bati lilitakata, tukalifunga. Jioni ile nikastaafu, shule ilikuwa inafunguliwa. Kazi niliipenda, hasa pale giza lilipotoka bandani kama mtu aliyefukuzwa.

Kesho yake asubuhi nilipita kuaga kabla ya gari.

"Shikamooni!"

"Marahaba, Sabuni!"

Sikuinamisha kichwa. Nikavuta kigoda penye mwanga, nikabangua korosho moja, vidole vyote salama, ndipo nikakimbilia gari.