Unyayo wa Mwezini na Katambuga Zangu

Naona mnabishana humu kama kweli watu walifika mwezini. Mimi kesi hiyo nilishindwa Shinyanga, mwaka ule ule wa 1969. 😂

Mchana wa kiangazi, niko kilabu cha pombe na gazeti mkononi. Kuna picha ya unyayo wa mtu aliyeshuka mwezini.

"Waongo hawa!" nikawaambia wenzangu. "Kule hakuna maji. Vumbi kavu litashikaje alama? Wamekanyaga tope la kwao!"

Wakanipigia makofi. Jamani, nilijiona profesa!

Ila nyumbani nilikuwa nimeaga naenda kumtafuta ndama aliyepotea.

Mara akatokea mlangoni mke wangu, Mama Kulwa.

"Ndama karudi mwenyewe," akasema. "Nikabaki kumtafuta mwenye ndama."



Nikauliza kijinga, "Umejuaje niko hapa?"

Akanyoosha kidole nje. Alama za katambuga zangu za tairi, ya kulia imemeguka kisigino, kutoka nyumbani mpaka pale mlangoni. Kwenye vumbi! Na mvua tuliisahau siku nyingi.

Akachukua gazeti, akautazama ule unyayo.

"Na huyu," akasema, "alimwambia mkewe anakwenda wapi?"