Kozi Moja ya Matofali

Mke wangu hajawahi kuniamini kwa namba. Nikimwambia nimenunua kilo mbili za unga, anapima. Nikisema nimerudi saa kumi, anaitazama saa ya ukutani kisha ananitazama mimi. Mwanzoni iliniudhi, baadaye nikazoea, na siku hizi namshukuru Mungu kwamba angalau mmoja wetu humu ndani ana akili.

Kazi yake ni kupima maji, yale ya chini ya ardhi. Hatua hamsini kutoka kwenye pampu ya mji kuna kisima cha zamani ambacho hakichotwi tena, kimeachwa kwa ajili ya kupimia tu. Kila Jumatatu asubuhi, kwa miaka ishirini na tatu, ameinama juu ya ukuta wake akiteremsha utepe wenye kichwa cha chuma. Kichwa kikigusa maji kinalia, naye anasoma utepe pale unapopita kwenye ukingo wa ukuta, anaandika katika kitabu chenye jalada la kijani. Watu wamembandika jina la Mama Utepe. Wakikutana naye kwenye foleni ya bombani hawamjulii hali, wanamuuliza, "Yako wapi leo?" Naye huwajibu mpaka sentimita.

Mvua ya maana tuliikosa miaka mitatu mfululizo. Mabomba yalikuwa yanafunguliwa siku mbili kwa wiki, na maji ya kisimani yakishuka sentimita mbili kila mwezi. Ofisi ya maji ilipanga mambo yake yote kwa kile kitabu cha kijani. Kitabu kikisema pampu izimwe mapema, ilizimwa.

Mwaka jana lori la ofisi lilirudi nyuma bila dereva kutazama, likaubomoa ukuta wa kisima. Mimi ni fundi mwashi, nikapewa kazi ya kuujenga upya. Mke wangu hakuwepo, alikwenda wiki tatu kumhudumia binti yetu aliyejifungua. Ukuta wa zamani ulikuwa na kozi tano, yaani mistari mitano ya matofali. Mimi nikajenga nne. Matofali kumi na sita yaliyobaki niliyasukuma kwa toroli hadi nyumbani, nikamjengea mke wangu jukwaa la pipa la maji pale uani, maana kila siku alilalamika kwamba kuinama kuchota kunamuua. Wizi mdogo, tena wa mapenzi. Nilijiambia hivyo na nikalala usingizi mzuri kabisa.

Aliporudi alilizunguka lile jukwaa, akaligonga kwa ngumi, akaniambia kumbe nami nikitaka ninaweza kuwa mume wa maana. Nilitembea siku nzima kifua mbele. Jumatatu akaenda kazini, akarudi amechanganyikiwa. Kwanza mgongo, alisema, siku hizi anainama zaidi kisimani, uzee umeshaingia. Nikamtania kwamba uzee uliingia zamani, ila ulikuwa unabisha hodi kwa adabu. Halafu akaniambia jambo lililomsumbua hasa. Kabla hajasafiri maji yalikuwa mita arobaini na moja na sentimita thelathini. Leo ni arobaini na moja na kumi na moja. Amepima mara tatu. Yamepanda, na mvua haijanyesha hata tone.

"Wewe unaonaje, Baba watoto?" akaniuliza.

"Labda yalikukumbuka," nikasema, na nikacheka peke yangu.

Alipeleka namba kwa mhandisi, mkuu wa ofisi yao, akamwomba asubiri miezi miwili kabla ya kuziamini. Mhandisi alikuwa amechoka kutukanwa na mji mzima. Hakusubiri. Mabomba yakafunguliwa siku nne kwa wiki. Watu wakafua mapazia. Binti yetu akarudi mjini na mtoto wake mchanga, akapanga chumba mtaa wa pili, kwa sababu sasa kulikuwa na maji.

Miezi saba baadaye pampu ilivuta hewa badala ya maji, ikaungua. Kitabu cha kijani kilisema bado kuna shubiri moja ya maji juu ya mdomo wa pampu. Shubiri hiyo haikuwepo. Siku hiyohiyo ofisini wakamwambia mke wangu kwamba alipika takwimu akiwa amekaa nyumbani, na kwamba Ijumaa aje kujieleza mbele ya wakubwa. Miaka ishirini na tatu, na neno walilompa ni hilo, kupika.

Alikaa uani ameegemea jukwaa la pipa, kitabu mapajani, akifunua kurasa mbele na nyuma. Pipa lilikuwa na maji ya siku mbili. Binti yetu alikuwa amekuja na ndoo, nasi tukamgawia nusu bila kumtazama usoni.

"Yalianza kupanda Jumatatu ile niliyorudi kazini," akasema. "Sijui nilikosea wapi."

Nikayatazama matofali nyuma ya mgongo wake, nikaelewa. Nilikuwa nimepunguza kozi moja. Ukingo ulishuka, na utepe ukahesabu maji yako karibu kuliko yalivyo. Mwashi yeyote angeligundua hilo papo hapo kama angejali. Na bado sikusema. Siku mbili nzima nilimwangalia hali wala halali, anapima upya maisha yake yote, nami nikaenda kunyoosha ukuta wa mtu mwingine kwa pimamaji, kile kipimo cha mafundi cha kunyooshea ukuta, eti fundi. Nilijichukia na niliogopa, na hofu ndiyo iliyokuwa mbele.

Ijumaa asubuhi alipokuwa anafunga kitambaa kichwani ndipo nilipomwambia. Hakupiga kelele. Alichukua rula, akaenda uani, akachuchumaa, akapima tofali moja kwa wima. Sentimita ishirini. "Na saruji?" akauliza. Nikamwambia moja. Akakaa pale chini, akaanza kuongeza ishirini na moja kwenye kila Jumatatu, mstari kwa mstari, kwa kalamu nyekundu.

Alipomaliza alisema, "Nilikuuliza. Ukanifanyia mzaha."

Tulikwenda ofisini pamoja. Nilisema yote, na wakubwa wakamrudishia kitabu chake. Hakuna aliyefurahi. Zile siku nne za mabomba zilikuwa zimeshakunywa maji yaliyokuwa yatuvushe hadi msimu wa mvua, na kukiri kwangu hakukurudisha hata kikombe.

Jioni alihamisha pipa mwenyewe, akaniambia niyarudishe matofali. Niliyarudisha yote kumi na sita, nikaijenga kozi ya tano. Jumatatu nilimbebea utepe. Aliuteremsha taratibu, mita arobaini na moja, arobaini na mbili, mpaka ukalegea mikononi mwake. Haukulia. Akauvuta juu, kichwa cha chuma kikatoka na vumbi la udongo. Akafungua kitabu, akaandika tarehe, na mbele yake neno moja: pakavu.

"Leo mgongo hauniumi," akasema, akafunga kitabu.