Seva Nane, Tayari Tisa

Alida wa mtaa wa Kagugu ana ugonjwa mmoja: mkubwa akimwambia afanye jambo, analifanya mpaka linapitiliza. Alikulia Bujumbura, akaja Kigali na cheti chake cha kompyuta, na Ijumaa ile muda wake wa majaribio pale ofisini kwetu ulikuwa unaisha. Seva nane mpya, tupu kabisa, zilitakiwa ziwe zimewekewa mfumo kabla ya jioni. Zikikamilika, mkataba unasainiwa. Zisipokamilika, kwaheri.

Alizipanga zijiwekee mfumo zenyewe kupitia mtandao. Kila mashine ikiwashwa ilikuwa inauliza kwanza: nifute diski yote? Unakubali, inaendelea. Muhire, bosi wetu, mtoto wa Kampala asiyejua kusubiri, akakunja uso.

"Alida, hii maswali yote ni ya nini? Toa! Mashine ikiwaka, ifute tu, iendelee."

"Yego, bosi."

Akalitoa swali. Mimi ningebisha, ingawa kusema kweli nilikuwa meza ya pili na nikanyamaza.

Saa tisa alasiri skrini yake ikaandika: tayari, tisa. Alida akapiga makofi. Kisha akaacha. Akahesabu seva kwa kidole. Nane. Akahesabu tena akianzia chini. Nane.

Akafuata waya mmoja mmoja, na wa mwisho ukampeleka mpaka mezani kwa Muhire. Bosi alikuwa amechoshwa na waifai, akachomeka laptopu yake kwenye mtandao wa seva na kuiwasha. Na laptopu hiyo Alida mwenyewe aliitengeneza mwezi uliopita, akaiacha bado inatafuta mfumo kwenye mtandao kila inapowaka.

Ndani yake mlikuwa na kurasa kumi na mbili za hotuba. Kesho yake Muhire angekuwa msemaji wa familia kwenye gusaba, kumposea mpwa wake mchumba, mbele ya wazee wanaoombea msemaji ateleze wapate kucheka.

"Bosi," Alida alisema, "laptopu yako imekuwa seva."

"Na hotuba?"

"Haiko tena."

Nilimhurumia Alida, jamani. Muhire akavuta mkataba, akausaini, akamsogezea.

"Seva zote nane iko sawa. Sasa wewe ni mfanyakazi wangu. Kesho saa nne tunaenda wote Kicukiro kwenye gusaba, unakaa nyuma yangu. Wakiniuliza kitu nikwame, wewe ndio utajibu."

Alida, ambaye hata kwenye kikao cha watu watano sauti humkauka, aliupokea mkataba kwa mikono miwili, akauliza kama bado inawezekana kufukuzwa.