Mashua Badala ya Nyumba

Baba yangu alikuwa fundi wa mbao katika karakana ya reli, na tuliishi Makongeni, Nairobi, mbali na maji yoyote ya kuelea. Alipokaribia kustaafu akaanza kuunda mashua. Jirani aliyeuza gari lake alimwachia gereji, na humo baba akalaza mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo. Alisema tutaishusha ziwani kwetu, tuvue samaki, na samaki ndio watakaotujengea nyumba. Nilimwamini. Naona haya kuandika hivyo, maana nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu.

Nyumba ndiyo iliyokuwa vita ya wazazi wangu. Kwetu magharibi mwanamume anaweza kupanga Nairobi maisha yake yote, lakini akifa lazima alazwe katika nyumba yake mwenyewe, kwenye boma lake. Baba huko alikuwa na kiwanja cha nyasi tu. Mama alikuwa katika chama cha wanawake cha kununuliana mabati. Zamu yake ilipofika yaliletwa kwa mkokoteni, mapya kabisa, akayapanga gerejini na kuyafunika magunia.

Siku moja mbao za mvule zilituishia. Baba akanitazama mimi, kifungua mimba wake, akaniuliza tufanyeje. Nilijua anayafikiria yale mabati. Ningesema tu tusiyaguse, angenisikia. Lakini nilizipenda mno zile Jumamosi zetu. Alikuwa amenifundisha kupinda ubao: unaufunga gunia, unaumwagia maji ya moto mpaka ulegee, halafu unaubana kwenye mbavu za mashua kabla haujapoa. Nje ya gereji baba hakuwa mtu wa kuongea nami.

"Tuyauze, baba," nikasema. "Tutamnunulia mama mengine."

Mama alipojua hakupiga kelele. "Sawa," alisema. "Nyinyi ndio mafundi." Tangu siku hiyo akawa ananimiminia chai bila kuniangalia.

Vijana wa mtaa wakipita walimtania baba. "Buda, hii meli inaenda wapi na huku hakuna ziwa?" Baba alicheka tu. Alifanya kazi kama alivyozoea kwenye mabehewa: kiungo kikipitisha mwanga hata kidogo, anakibomoa na kuanza upya. Miaka ikapita hivyo, na mabati mengine hatukununua. Kisha presha ikamwangusha, na baada ya wiki moja hospitalini akafa. Mashua ilibakiza mbao mbili tu ikamilike.

Baba mdogo alipiga simu kutoka nyumbani. "Maiti haiwezi kufika hapa bila nyumba. Mnakuja na nini?"

Hospitali ilikuwa imetukausha. Baba mdogo angetoa mabati ya paa na nguzo. Kuta zilikuwa juu yetu. Nikaingia gerejini na nyundo, nikitaka kuzing'oa zile mbao taratibu. Hazikung'oka. Baba alikuwa amezifunga kwa gundi na skrubu kama mtu asiyetaka kitu chake kifunguliwe na yeyote. Nikachukua msumeno. Nililia nikikata, na sioni sababu ya kuficha.

Tulizipakia juu ya basi pamoja na jeneza. Huko nyumbani nikagundua nilichopaswa kukijua, mimi niliyezipinda kwa mikono yangu: mbao za mashua haziwezi kuwa ukuta. Kila moja ilikuwa na tumbo lake. Tulizigongomea zikaacha nafasi za kupitisha mkono.

"Hii ni nyumba ama kikapu?" baba mdogo akauliza, na waombolezaji wakacheka. Nilitamani ardhi inimeze. Wanawake walitundika mashuka kwa ndani, baba akalazwa humo usiku mmoja, tukamzika kesho yake.

Wageni walipoondoka, wake za baba zangu wadogo walimwambia mama nyumba sasa ni yake. Alisimama nje akiitazama, mkeka kwapani. Nikamwendea.

"Mama, nisamehe. Ni mimi niliyemwambia auze."

"Najua," alisema. "Aliniambia siku hiyo hiyo. Alisema wewe umekubali, kwa hivyo lazima ni jambo la akili." Akauhamishia mkeka kwapa la pili. "Mimi nilitaka nyumba ya kuishi naye."

Kisha akainama, akaingia, kwa sababu desturi yetu humtaka mjane alale humo.